Marekebisho ya Mzee Sletten

Doreen Pavlak hakuwa mtu wa kuzungukazunguka. Alimvutia Orville Sletten kiti, akamsukumia kikombe cha ile kahawa nyepesi ya ofisini, akafunga mlango, na kabla mzee hajavua hata kofia yake ya kufunika masikio akamuuliza, "Bosi, hisa zako elfu nne ziko wapi?"

Orville akavua kofia. Akaitazama juu, akaipindua, akatazama na ndani, utadhani huenda zilidondokea humo.

"Hisa zipi?"

"Usinianze. Nimekuwa sekretari wako miaka chungu nzima kabla sijawa katibu wa kampuni hii, na kila ukiniuliza 'zipi' ujue unajua vizuri sana. Dalali wako anasema hisa ulizonazo zimepungua elfu nne kuliko unazoandika kwenye ripoti zako. Nimempigia mara ya pili nikidhani kalewa. Hakulewa."

Kampuni yenyewe iliitwa Torvik, na ilitengeneza mashine za kutoboa barafu ziwani ili watu wavue samaki chini yake, zile ambazo mwanamume wa kaskazini ya Minnesota kule Marekani akikosa moja gerejini watu hudhani ni mgonjwa au ni mgeni. Orville alikiendesha kiwanda chake mpaka alipostaafu, kisha wakamtia kwenye bodi ya wakurugenzi. Mkurugenzi wa kampuni inayouzwa kwenye soko la hisa hana siri. Kila hisa anayonunua, kuuza au kugawa lazima aitangaze kwa wadhibiti kule Washington, nao wanaianika hadharani, asome anayetaka. Miaka ile zawadi ya hisa iliweza kusubiri ripoti ya mwaka, inayopelekwa mwezi wa pili. Na ripoti Orville aliipeleka, hilo hatukatai. Miaka miwili kabla ya siku hii alikuwa amewapa kikosi cha wazima moto wa kujitolea hisa mia moja, akaziandika, gazeti la mji likamtaja, na asubuhi wazima moto walipouza chapati kuchangisha pesa watu wakampigia makofi hadi shingo ikamwiva. Zile elfu nne alizozitoa mwezi huohuo hakuziandika. Na tangu hapo kila jumla aliyoitia saini ilikuwa ya uongo.

"Nilizigawa," alisema mwishowe.

"Ukampa nani?"

Watu wa kule nawajua. Ukiwauliza habari za theluji watakusimulia mpaka uombe poo, ila ukiwauliza habari za moyo wanaanza kutafuta funguo za gari. Orville alipapasa mifuko yake yote miwili.

"Orville. Nakuuliza."

"Kirsten," alisema, kwa sauti ya mtu anayetaja ugonjwa.

Doreen alijitupa nyuma kwenye kiti chake, akaziba uso kwa mikono, na mabega yakaanza kumtikisika. Mzee alidhani analia. Kumbe anacheka.

"Mungu wangu, mzee wewe! Nilijua umeziuza. Tangu jana mchana sijatia kitu mdomoni. Nimekaa hapa nawaza: kauza kwa siri, bei ilikuwa juu, robo ya mwaka iliyofuata mauzo yakaanguka, watamfunga, na mimi nitaulizwa nilikuwa wapi. Kumbe umempa mwanao! Wenzako wanaficha wizi, wewe unaficha wema?"

"Si jambo la kucheka, Doreen."

"Kwangu ni la kucheka. Niache nicheke kwanza."

Kwa Orville halikuwa la kucheka hata kidogo. Kirsten alikuwa binti yake wa pekee. Mkewe Orville aliitwa Ardis, na baba yake Ardis alikuwa amejenga kibanda cha mapumziko kando ya ziwa, ubao kwa ubao, kwa mikono yake mwenyewe, na alipokufa alimwachia mjukuu wake huyo. Kule kibanda cha ziwani si nyumba tu. Ndiko watoto wanakojifunza kuogelea, ndiko wachumba wanakoletwa kukaguliwa, na ukutani mna alama za kimo cha kila mtoto wa ukoo. Duka la mume wa Kirsten lilipozama kwa madeni, Kirsten akakiuza kibanda bila kumwambia mtu. Wanunuzi wakakibomoa wiki hiyohiyo. Ardis alikwenda kutazama, akarudi, akaning'iniza koti lake na kusema, "Yule kwangu basi." Ikawa basi kweli. Zikapita baridi saba jina la binti halitamkwi mezani.

Na Orville? Orville alikaa kimya, kazi anayoiweza kuliko zote. Lakini Kirsten alipoachana na mumewe, uzalendo ukamshinda. Akamhamishia hisa, akawa anampigia simu kutoka gereji huku amewasha mashine ya kuchonga mbao ili Ardis asisikie. Alikuwa na imani moja tu, kwamba Ardis akijua amezungukwa na mume wake mwenyewe, nyumba yake itakuwa imekwisha. Mke aliyeweza kumfuta mtoto angeshindwaje kumfuta mzee mwenye magoti mabovu?

"Ungeziandika tu," Doreen alisema, akifuta macho. "Zawadi si dhambi."

"Ili zitoke gazetini?"

Hapo mzee alikuwa na hoja. Gazeti la mji ule hutoka Alhamisi. Huandika nani alikula kwa nani Jumapili, nani amelazwa, shangazi wa nani amekuja kutoka Fargo na ameondoka lini. Na kwa kuwa nusu ya mji inaishi kwa Torvik, huandika pia wakurugenzi wamefanya nini na hisa zao. Mhariri hachoki. Ardis naye husoma gazeti lote na kalamu ya risasi mkononi, anasahihisha.

"Sasa nisikilize," Doreen alisema, akavuta kiti karibu. "Tunapeleka ripoti ya marekebisho. Ni ileile ya mwaka ule, tunaandika juu kwamba ni marekebisho, tunaweka kile kilichosahauliwa. Na nyingine zilizofuata tunazirekebisha jumla zake. Taarifa ya wanahisa ya mwaka huu itasema ulichelewesha. Aibu kidogo. Watu wazima wamechelewesha kabla yako na bado wanakula na kulala."

"Na jina lake?"

"Jina la nani?"

"La Kirsten. Linaandikwa sehemu gani?"

Doreen alimgeuzia kioo cha kompyuta. Akaweka kidole penye vyumba vya fomu, kimoja kimoja. "Hapa tarehe. Hapa herufi ya kuonyesha ni zawadi. Hapa idadi. Hapa bei, tunaweka sifuri. Hapa ulizobaki nazo. Umeona mahali wanapouliza nani kapewa?"

Orville alivaa miwani. Alisoma ile fomu juu hadi chini, kisha chini hadi juu. Hakukuwa na mahali.

"Hawaulizi?"

"Hawaulizi. Washington hawana haja na mambo ya nyumbani kwako, bosi. Wanachotaka ni ukweli wa idadi tu."

Kifua cha mzee kililegea. Alishusha pumzi ndefu hadi miwani ikafanya ukungu. Miaka miwili alikuwa akiliona mawazoni jina la binti yake limechapishwa kwa wino mweusi, na mke wake akilizungushia kalamu, kumbe hata fomu yenyewe hakuisoma vizuri. Mtu aliyekuwa akifungua mashine nzima na kuirudisha bila msumari kubaki! Alijicheka kimoyomoyo.

"Ila swali moja lazima nikuulize mimi," Doreen aliendelea. "Kirsten anaishi nyumbani kwako? Maana mtoto mnayekaa naye nyumba moja, hisa zake zinahesabiwa kama zako vilevile. Ingekuwa hivyo tungeandika vingine."

"Hapana," Orville alisema. "Haishi kwangu."

Doreen hakuchomoa utani wowote hapo. Aliandika jibu, akaendelea.

Basi furaha ya mzee haikudumu hata kikombe cha kahawa kupoa. Jina halitatoka, sawa, ila idadi itatoka. Alhamisi Ardis atasoma kwamba Orville Sletten amegawa hisa elfu nne, na swali litakalofuata hata mtoto mchanga analijua.

"Nitamwambia niliwapa kanisa," alisema.

"Mhazini wa kanisa ni nani?"

Orville akafikiri. Mhazini wa kanisa alikuwa Ardis.

"Subiri mpaka Ijumaa, basi. Gazeti likishatoka."

"Litatoka na Alhamisi nyingine. Na mimi nimeshajua, Orville. Nikijua nikakaa nalo, tunakuwa wakosaji wawili." Hakusema kwa ukali. "Inakwenda leo. Mwambie mkeo kabla mhariri hajamwambia. Ndio ushauri wa bure pekee utakaoupata katika jengo hili."

Mzee alishika kalamu. Akatia saini ukurasa kwa ukurasa. Na cha ajabu, alipomaliza saini ya mwisho alijiona mwepesi kuliko alivyoingia, japo balaa lenyewe lilikuwa bado mbele yake. Kila mwezi wa pili alikuwa akitia saini ile huku jicho lake likikwepa jumla. Leo alisoma jumla, ikawa ni kweli. Alimpa Doreen mkono. Doreen akaukataa, akamkumbatia, jambo ambalo kwenye ofisi ile lingetosha kuandikwa gazetini.

"Nenda," alimwambia. "Na mimi nikale, njaa inaniua."

Nyumbani, Orville alikaa ndani ya gari uani mpaka kioo kikaganda. Alijaribu maneno. "Ardis, kuna jambo dogo." Si dogo. "Ardis, usikasirike." Hilo ndilo neno linalomkasirisha kuliko yote. Mwisho aliona ataganda yeye mwenyewe akutwe mle na hotuba yake, akapiga moyo konde akaingia.

Ardis alikuwa jikoni, mikono yake ndani ya glavu za tanuri, anakagua bakuli la nyama ya kusaga lililofunikwa vipande vya viazi. Alikuwa mwanamke mfupi, mgongo umenyooka, na aliweza kukutazama ukakumbuka makosa ya utotoni.

"Umekaa kwenye gari unafanya nini? Nimekuona dirishani. Nikadhani umekata roho, nikasema ngoja kwanza chakula kiive."

"Ardis," alisema, na maneno yote aliyoyapanga yakamtoroka. "Nilimpa Kirsten hisa elfu nne. Mwaka juzi. Sikuziandika kwenye ripoti ili usijue. Leo Doreen kanibana nimerekebisha. Itatoka Alhamisi."

Basi. Alisema hivyohivyo, kwa mkupuo mmoja, kama mtu anayeruka majini akiwa na nguo. Kisha akashika mgongo wa kiti akangoja.

Ardis alifunga mlango wa tanuri polepole. Alikaa, glavu bado mikononi, akazilaza mezani mbele yake.

"Alizipokea?" Ardis aliuliza.

Orville hakuelewa.

"Hisa. Ulipompa. Alizipokea?"

"Alizipokea."

"Hakuzirudisha?"

"Arudishe kwa nini? Bado anazo. Gawio likiingia ananitumia ujumbe wa asante. Ardis, una nini?"

Maana uso wa Ardis ulikuwa umeanza kuvunjika, kuanzia kidevuni. Katika miaka yote ya ndoa yao Orville alikuwa amemwona akilia kwenye msiba wa baba yake tu, tena dakika chache, kisha akaenda kuosha vyombo.

"Mimi kanirudishia," Ardis alisema.

"Kakurudishia nini?"

"Blanketi. Nilimshonea la viraka, Orville. Nilishona kanisani na kina mama, nikasema ni la harambee. Nikamtumia Krismasi ya mwaka juzi, kwa posta. Nikaweka na kadi ndani, nikaandika... haidhuru niliandika nini. Likarudi. Halikufunguliwa hata kamba. Limepigwa muhuri kwamba halikupokelewa. Nikalificha katika chumba cha chini cha kanisa, kabatini mwa majoho ya kwaya, nikasema sawa, nimeelewa, mtoto hanitaki. Mimi nilisema basi, naye kasema basi."

"Ulilituma wapi?"

"Kwake! Wapi pengine? Duluth."

Orville alivuta kiti akakaa.

"Ardis. Kirsten hakai Duluth. Alihama. Majani yalipopukutika mwaka uleule, kabla ya Krismasi. Anakaa Bemidji, ana kazi hospitali, nyumba ya kupanga yenye mlango wa kijani. Hilo blanketi hajaliona. Hajui hata kama lipo."

Ardis alimtazama. Kisha akavua glavu moja ya tanuri akamtupia, ikampata sikioni. Akavua ya pili akamtupia nayo.

"Ulijua anakokaa!"

"Nilijua."

"Miaka miwili! Miaka miwili nalala nikijua mwanangu kanirudishia kadi yangu, na wewe anwani unayo gerejini! Bemidji! Bemidji ni hapo tu, mtu anakwenda na kurudi kabla supu haijapoa!"

"Ulisema basi. Ulisema usisikie jina lake."

"Nilisema! Watu husema! Na wewe ukaamini? Mambo yote ninayokwambia huyasikii, hilo moja ndilo ukaliamini?"

"Na wewe kwa nini hukuniambia umemtumia blanketi?"

"Ungenicheka."

"Ningekucheka mimi?"

"Ungeninyamazia, basi. Afadhali ungecheka."

Hilo lilimchoma, kwa sababu lilikuwa kweli. Orville aliokota glavu, akazipangusa, akazirudisha mezani karibu naye. Alitaka kusema amekosa. Akasema. Alisema mara mbili, ya kwanza haikutoka vizuri. Ardis alikuwa analia na kufuta machozi kwa kitambaa cha vyombo, analia na kumtukana, mjinga mkubwa, bubu, gogo la mtu, na katikati ya matusi hayo kicheko kikaanza kumponyoka. Sauti yake ilikuwa nyepesi, ya msichana, sauti ambayo mumewe hakuwa ameisikia tangu kibanda kibomolewe.

"Hakunirudishia," alisema.

"Hakukurudishia."

"Ni posta tu."

"Ni posta tu, mama. Na mimi."

Orville alihisi kitu kinamfunguka kifuani, kile ambacho kule ofisini kililegea tu. Nyumba haikuwa imekwisha. Mke alikuwa mbele yake na pua nyekundu, mkali vilevile, na hakumfuta.

Ardis alinyoosha mkono, kiganja juu. "Lete simu yako. Ya kwangu hataijua namba."

"Sasa hivi?"

"Unataka nimsubiri mhariri?"

Orville akatafuta jina, akampa. Kirsten aliandikwa humo "Fundi wa Mbao". Ardis aliliona, akamtupia jicho, ila hilo alilihifadhi kwa siku nyingine. Akabonyeza, akaweka simu sikioni, akasimama wima kama anayeitwa na mwalimu. Simu ililia. Orville aliweza kusikia ilipopokelewa, na sauti ya binti yake ikitoka ndogo, ya haraka, yenye wasiwasi:

"Baba? Mbona saa hizi? Kuna nini?"

"Si baba," Ardis alisema.

Maji yalikuwa yakitiririka upande wa pili, pengine Kirsten alikuwa anaosha vyombo; yakafungwa.

"Mama?"

Ardis alifungua mdomo. Yote aliyoyaandika kwenye kadi, na yote aliyojibizana nayo peke yake usiku kwa baridi saba, hayakuja hata moja. Alitazama dirishani, akamtazama mumewe.

"Huko kwenu baridi imefikia wapi?"

"Kali, Mama," Kirsten alisema. "Kali mno."

"Soksi unavaa?"

"Navaa."

"Mbili mbili?"

"Mbili mbili, Mama," binti alijibu, na hapo sauti ikamkatika, na Ardis akakaa chini na simu sikioni, akisema ndiyo, ndiyo, nipo, siendi popote.